Mwanga wa Kazi Hupimwa Mezani: Kuchagua Taa za Ofisi ya Nyumbani

Ninapoitwa kukagua chumba ambacho mtu hufanyia kazi nyumbani, kwa kawaida baada ya mwenyewe kulalamika kwamba ifikapo jioni macho yanamwasha na kichwa kinamgonga, jambo la kwanza ninalofanya ni kuketi kwenye kiti chake na kuweka kifaa cha kupimia mwanga juu ya meza, pale hasa anapoweka daftari lake. Dari huitazama baadaye. Katika kazi hii ya kubuni mpangilio wa taa nimekuta mara nyingi balbu inayong'aa hadi kuumiza jicho, ilhali mwanga unaofika mezani ni hafifu mno.

Kiwango cha Ulaya cha taa za mahali pa kazi, EN 12464-1, kinataka laksi 500 kwa kusoma, kuandika na kutumia kompyuta. Lumeni hupima jumla ya mwanga ambao balbu hutoa; laksi hupima mwanga unaofika mahali fulani, na laksi moja ni lumeni moja iliyoenea juu ya mita moja ya mraba. Sasa chukua balbu ya LED ya lumeni 800, ambayo ndiyo inayoshika nafasi ya balbu ya zamani ya wati 60, uitundike tupu mita 1.8 juu ya meza. Kwa kuwa inamwaga mwanga pande zote, meza itapata moja kwa moja laksi 20 hivi, na kinachoongezeka juu ya hapo ni ule unaorudishwa na kuta na dari, ambao huwa mwingi rangi ikiwa nyeupe na kidogo sana ikiwa ya giza. Ishushe balbu hiyohiyo hadi sentimita 45 kutoka mezani, yaani robo ya umbali wa awali, na mwanga utaongezeka mara 16, kupita laksi 300. Ukiifunika kwa kofia inayoelekeza mwanga chini, laksi 500 zinafikiwa bila taabu. Ndiyo maana nasisitiza taa ya mezani kabla ya kitu kingine chochote, na ndiyo maana idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi, ambayo hueleza tu umeme unaotumika, haimsaidii sana mnunuzi.

Niliwahi kumhudumia mhariri aliyekuwa amenunua balbu tatu mfululizo, kila moja kali kuliko iliyoitangulia, kumbe meza yake ilikuwa imeegemezwa ukutani na taa ya dari ikawa mgongoni mwake, hivyo kila alipoinama kivuli cha kichwa chake kiliyaangukia maandishi aliyotaka kuyasoma. Tulichofanya ni kuongeza taa moja yenye mkono unaokunjika, tukaiweka upande wa kushoto kwa kuwa yeye huandika kwa mkono wa kulia, na tukashusha kofia yake hadi balbu isiweze kuonekana kutoka pale alipoketi.

Taa ya dari isizimwe kwa sababu hiyo. Mtu anayefanya kazi usiku akiwa na skrini angavu mbele yake na chumba kizima gizani huyalazimisha macho kujirekebisha kila anapoyaondoa kwenye skrini, na uchovu huo huongezeka polepole bila yeye kutambua chanzo chake. Dirisha nalo liwe ubavuni: likiwa nyuma yako litajionyesha kwenye kioo cha kompyuta, na likiwa mbele yako utakuwa unashindana na anga ambayo, hata siku ya mawingu, inaweza kutoa laksi 10,000 huko nje. Pazia jepesi linalotawanya mwanga linatosha kwa saa zile ambazo jua linaingia moja kwa moja.

Kuhusu rangi ya mwanga, ambayo hupimwa kwa kelvini (namba ndogo ni mwanga wa manjano, namba kubwa ni mwanga unaoelekea buluu), mimi hupendekeza balbu ya kelvini 4000 kwa kazi za mchana na ya 2700 au 3000 kwa jioni. Ndani ya jicho mna seli ambazo hazituonyeshi maumbo bali huuarifu ubongo kwamba ni mchana, na hizo huitikia zaidi mwanga wa buluu. Anayekaa chini ya taa ya kelvini 6500 hadi usiku wa manane huuchelewesha mwili wake kujiandaa kulala. Anayeshughulika na vitambaa, picha au michoro aangalie pia kipimo cha uaminifu wa rangi, yaani jinsi taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu, ambacho kwenye boksi huandikwa Ra au CRI, na asikubali chini ya 90.

Kuna kasoro moja ambayo siivumilii kabisa, nayo ni kupepesa. Kwenye umeme wa hezi 50, balbu yenye saketi duni hupepesa mara 100 kwa sekunde, kasi ambayo jicho halioni ingawa baadhi ya watu huumwa kichwa kwa sababu yake. Elekeza kamera ya simu kwenye balbu, ukitumia mwendo wa polepole kama simu inao: ukiona mistari myeusi ikitembea kwenye picha, au mwanga ukiwaka na kufifia, irudishe dukani. Ikiwa taa inaendeshwa na swichi ya kupunguza mwanga, rudia jaribio hilo mwanga ukiwa umepunguzwa, kwa maana balbu nyingi za LED hupepesa hapo tu, hasa zikifungwa kwenye swichi iliyotengenezwa kwa ajili ya balbu za zamani.