Bandama: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Bandama ni kiungo cha ziada, hata likitolewa hakuna hasara."

Mtu huishi bila bandama, lakini kinga yake haiwi ile ya awali. Bandama la mtu mzima, lenye uzito wa gramu 150 hivi, limejificha chini ya mbavu za kushoto. Tezi za limfu huchuja limfu, yaani majimaji yanayotoka kwenye nyama za mwili. Bandama huchuja damu yenyewe. Chembe nyekundu hujipenyeza kwenye mianya yake myembamba, na zilizochakaa au zenye vimelea vya malaria hunaswa humo. Humo pia hutengenezwa kingamwili za kukabili bakteria wenye ganda la sukari, hasa nimokoka, anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Ini husaidia, ila haliwezi kazi yote hiyo.

Ndiyo maana homa kwa mtu asiye na bandama ni dharura, hata ikiwa ndogo. Aende hospitali saa hiyo hiyo, aanzishiwe antibiotiki, apimwe na malaria. Bakteria wakienea kwenye damu wanaweza kumuua ndani ya siku moja au mbili. Kama upasuaji wa kulitoa bandama umepangwa, chanjo za kukinga bakteria hao zitolewe angalau wiki 2 kabla.

"Mtoto wa selimundu bandama analo, basi kinga anayo."

Analo, lakini chembe zake nyekundu, zilizopinda kama mundu, huziba mishipa ya bandama, na wengi hupoteza kazi ya bandama kabla ya miaka 5. Ndiyo sababu hupewa penisilini kila siku: miligramu 125 mara mbili hadi miaka 3, kisha 250 mara mbili hadi angalau miaka 5. Mzazi ajifunze kulipapasa: mtoto alale chali, vidole vianzie chini upande wa kushoto, visogee taratibu kuelekea mbavuni. Likivimba ghafla na viganja vikapauka, damu imenasa humo. Huenda akahitaji kuongezewa damu siku hiyo hiyo.

"Bandama lililovimba dawa yake ni chale au kukandwa."

Chale hukata ngozi tu, na kulikanda kunaweza kulipasua. Kitafutwe chanzo: malaria ya mara kwa mara, kichocho cha tumbo, ugonjwa wa ini.

"Mitoki ni ugonjwa wa zinaa."

Mitoki ni tezi za limfu za kinena zilizovimba, na mara nyingine ni kweli. Lakini tezi za kinena hupokea majimaji ya mguu mzima, kwa hiyo kagua kwanza vidole na unyayo: kidonda kidogo kinatosha kuzivimbisha. Tezi ngumu, isiyouma, inayoendelea kukua baada ya wiki 4 ichunguzwe kifua kikuu na saratani.