Faiwoli Umebadilisha, Sheria Je?

Mwezi uliopita mwenye hoteli mmoja wa upande wa Casuarina, hapa Malindi, alinipigia simu kabla sijamaliza chai. Salamu alizipitia juu juu tu. "Fundi, hii faiwoli imetuchosha. Tuletee ile wanayotumia benki. Lakini tafadhali, usinibadilishie kitu. Sheria zihamishe vile vile zilivyo, wageni wa Desemba wako njiani."

Maneno hayo hayo nimeyasikia mwaka huu kwa muuza jumla wa Lamu Road, kwa zahanati moja ya Maweni na kwa shule moja ya Watamu. Kila mmoja anaamini hatari iko kwenye jina lililochapishwa usoni mwa kisanduku. Faiwoli ni kisanduku kinachokaa kati ya mtandao wako na intaneti, na sheria zake ndizo zinazoamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Nimechoka kuyajibu kwa simu. Atakayefuata nitamtumia haya ayasome.

"Tukihamia kampuni kubwa tutakuwa salama. Wewe hamisha sheria kama zilivyo."

Nianze na yule muuza jumla, maana kisanduku chake nilikifungua mwenyewe akiwa amekaa kando. Sheria 118. Ya tatu kutoka juu ilikuwa na jina "jaribio": kutoka popote, kwenda popote, huduma yoyote, ruhusu. Iliwekwa 2017, siku fundi wa mashine za mauzo alipohangaika mfumo wake usishike, akasema "fungua kwanza tuone". Ukashika, akapanda tuktuk akaenda zake. Faiwoli husoma kutoka juu kwenda chini na kuishika ya kwanza inayolingana, kwa hivyo zile 115 za chini hazikuwa na kazi. Nilimwonyesha safu ya hesabu ya pakiti, vipande vya data ambavyo kila sheria imepitisha: sifuri, sifuri, sifuri, ukurasa baada ya ukurasa. Miaka yote hiyo mafundi, na mimi nimo mara mbili, tulikuwa tukimwongezea sheria chini ya sheria iliyokwisha ruhusu kila kitu, na kulipwa tukilipwa.

Ukurasa wa kuelekeza milango (port), yaani njia za kumfikisha mtu wa nje kwenye mashine ya ndani, ulikuwa mbaya zaidi. Mlango 3389, wa kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, ulikuwa wazi kwa intaneti nzima, moja kwa moja hadi kwenye seva ya hesabu. Wa nani huu? Wa mhasibu aliyeacha kazi akaolewa Mambrui. Mlango mwingine ulielekea kwenye mashine ya kamera iliyotupwa zamani, na anwani yake ya ndani siku hizi inatumiwa na printa.

Sasa zichukue hizo 118 uzimimine kwenye faiwoli ya benki. Umepata nini? "Jaribio" bado iko ya tatu. Mlango wa mhasibu bado uko wazi, ila sasa unaulipia leseni ya dola.

Na hata hiyo "kama zilivyo" yenyewe haiwezekani. Kila kampuni ina namna yake ya kuzisoma sheria. Kwa Palo Alto, sheria ya kumruhusu mtu wa nje aifikie seva yako huandikwa kwa anwani ya kabla ya NAT (kubadilishwa kwa anwani ya nje kuwa ya ndani), lakini kwa zoni, yaani eneo la mtandao, ya baada ya NAT. Kwa FortiGate ya Fortinet unatengeneza kwanza kitu kinachoitwa VIP, yaani anwani ya nje iliyofungwa kwa ya ndani, ndipo unakitaja ndani ya sheria. Kwa Cisco ASA mambo yaligeuka toleo la 8.3 lilipotoka 2010: kabla yake uliandika anwani ya nje, baada yake ukaandika anwani halisi ya ndani. Aliyenakili mstari kwa mstari bila kuyajua haya, ama amefunga kilichotakiwa kuwa wazi, ama amefungua kilichotakiwa kufungwa. Cha kwanza utalalamikiwa ndani ya dakika tano. Cha pili hakuna atakayekwambia.

Ziko programu za kuhamisha, najua. Zinatafsiri lugha vizuri tu, lakini hazikuulizi kama huyo mhasibu bado yupo. Halafu zenyewe zinabeba nywila na mipangilio ya mtandao wako mzima. Expedition, chombo ambacho Palo Alto walikitoa kwa kazi hii hii ya kuhamisha kutoka kampuni nyingine, kilikutwa na tundu kubwa 2024, likawa linatumiwa na wadukuzi kabla mwaka haujaisha.

Hapo ndipo nafika kwenye hilo jina kubwa. Fortinet walikuwa na tundu la usalama, lililosajiliwa kwa namba CVE-2018-13379, kwenye SSL VPN yao, njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali; dawa ya tundu hilo, yaani sasisho, ikatoka Mei 2019. Septemba 2021 nywila za VPN za faiwoli zipatazo 87,000 zikamwagwa hadharani. Wako waliokuwa wameshasasisha lakini hawakubadilisha nywila, kwa hivyo nywila zao zilikuwa bado zinafungua. Palo Alto walipata lao Aprili 2024, CVE-2024-3400, likapewa alama ya hatari 10 kwa 10. Mwezi huo huo Cisco wakatangaza kwamba ASA zinashambuliwa na watu waliobobea. MikroTik, kipenzi cha wengi hapa pwani kwa bei yake, ilitobolewa 2018, na ruta nyingi ambazo wenyewe hawakusasisha zikageuzwa vibarua wa kuchimbia watu sarafu za kidijitali. Haya, niambie utahamia wapi kusikokuwa na tundu?

Ninachowaomba wateja wangu kabla ya kugusa kisanduku ni jambo moja, na kwa hili huwa sibembelezi mtu. Faiwoli ya zamani iachwe ifanye kazi na kumbukumbu zake (log) zikiwa zimewashwa kwenye kila sheria, siku 30 kamili, na mwisho wa mwezi uwemo ndani. Iko mifumo inayosema mara moja kwa mwezi tu. PAYE inatakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 9 na VAT tarehe 20. Ukipima kwa wiki moja, utaifuta sheria ambayo mhasibu anaihitaji siku moja, na siku hiyo atakupigia akilia. Siku 30 zikiisha, kila sheria iliyopitisha pakiti inaandikwa kwenye daftari. Naam, daftari la karatasi, nicheke ukitaka: nani aliiomba, kwa kazi gani, itakoma lini. Sheria isiyo na mwenyewe inazimwa. Haifutwi kwanza, inazimwa, na baada ya mwezi mwingine kama hakuna aliyepiga kelele ndipo inakwenda. Kwa yule muuza jumla tulianza kwa kuishusha "jaribio" hadi chini kabisa ili zile za juu zipate kusema. Zilizopitisha kitu zilikuwa 27.

Wenye hoteli wanaopokea kadi hawana hata nafasi ya kubishana nami. Viwango vya PCI DSS, vya usalama wa kadi za malipo, vinataka sheria za faiwoli zipitiwe angalau mara moja kila miezi 6. Nimewauliza wengi waliipitia lini. Jibu la kawaida ni "si wewe ndiye fundi?"

"Net iko chini, ni hii faiwoli."

Mara nyingi siyo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, Afrika Mashariki nzima ikazorota, na wiki hiyo hiyo mteja mmoja wa Mnarani alitaka nimng'olee faiwoli. Kebo imekatika baharini, yeye ananionyesha kisanduku ukutani.

Lakini kuna mahali ana haki. Karatasi ya sifa huandika namba kubwa juu na ndogo chini. FortiGate 60F inaandikwa Gbps 10, na watu husoma hapo wakafunga ukurasa. Ukiwasha ulinzi wote wa vitisho inashuka hadi Mbps 700, na ikibidi ifungue HTTPS, trafiki iliyosimbwa, na kuikagua, 630. Biashara iliyonunua kisanduku kidogo wakati laini yake ilikuwa Mbps 20, leo imevutiwa faiba ya 500 na inakagua kila kitu, hiyo kweli inahitaji kubwa zaidi, na ni sababu halali ya kubadilisha. Kama unalipia Mbps 50 na wageni 60 wanatazama mpira, usinisumbue.

"Haijaharibika, nibadilishe ya nini?"

Huyu ni ndugu wa yule wa kwanza, ila amesimama upande wa pili. Taa inawaka kijani, basi mzima. Faiwoli inakufa siku kampuni inapoacha kuitolea dawa, na taa itaendelea kuwaka kijani vile vile. Faiwoli ya Sophos UTM ilipangiwa kikomo cha 30 Juni 2026, tarehe inayojulikana miaka kabla. Wakati mwingine kisanduku kinabaki lakini kazi yako inaondolewa: Fortinet waliiondoa SSL VPN ya kupitisha trafiki yote kuanzia FortiOS 7.6.3, na aliyekuwa akiunganisha wafanyakazi wake kwa njia hiyo ikabidi aende IPsec, aina nyingine ya VPN, au atafute kampuni nyingine. Hizi ndizo sababu za watu wazima za kuhama. Na hewa ya chumvi ya hapa kwetu ihesabu pia. Kisanduku kilichowekwa dukani karibu na dirisha la baharini, ukikifungua baada ya miaka minne pini zimeota kijani.

"Leseni ikiisha tutaona baadaye."

Inategemea. Faiwoli nyingi huendelea kupitisha trafiki, ila hazijui tena virusi vya juzi. Meraki za Cisco zenye leseni ya kikomo kimoja (zote zinaisha siku moja) zinakupa siku 30 za neema, kisha mtandao unasimama. Bei ya mwaka wa kwanza ni bei ya uchumba. Angalia ya kuhuisha kabla hujatia saini. Dola ilipokaribia shilingi 160 Januari 2024 nilishuhudia watu watatu wakihama kwa sababu hiyo peke yake, na sikuwalaumu. Wawili walikwenda pfSense, ambayo programu yake ni bure. Mmoja ameitunza. Mwingine aliiweka kwenye kompyuta kuukuu bila UPS, stima ikapotea mara tatu kwa siku moja, mwisho wa hadithi.

"Tuna Starlink sasa, faiwoli ya nini?"

Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023 hili lilizaliwa siku ya pili. Mpango wa kawaida unakuweka nyuma ya CGNAT, yaani anwani ya nje mnachangia wengi. Kwa hivyo mtu wa nje hawezi kukuanza, kweli, lakini mfanyakazi akibofya kiambatisho kibaya ni ndani ndiko kunakoanza kuungua. Na VPN ya kutoka Mombasa haitakufikia. Lazima ofisi ya Malindi ndiyo ianze kupiga. Ambao faiwoli zao hazijui kushika laini mbili pamoja wamebadilisha kwa sababu hii, na wamefanya vizuri.

"Ni kazi ya nusu saa, chomoa chomeka."

Saa tano usiku, nimekaa sakafuni kwenye stoo ya vitambaa vya hoteli, tochi mdomoni, laptopu juu ya katoni ya sabuni. Kisanduku kipya kimewaka, anwani ya nje ni ile ile, kebo ni ile ile, na hakuna kinachotoka. Meneja amesimama mlangoni ananitazama kama mwizi. Nilikuwa nimesahau ARP, orodha ya anwani ipi iko kwenye kisanduku kipi. Ruta ya mtoa huduma ilikuwa bado inakumbuka MAC, namba ya kiwandani, ya kisanduku cha zamani, na ruta za Cisco, zisipoguswa, hukumbuka kwa saa 4. Unampigia mtoa huduma asafishe, au unakipa kisanduku kipya MAC ya yule marehemu. Usiku ule mtoa huduma hakushika simu, nikafanya la pili, saa sita na dakika kumi mtandao ukarudi. Asubuhi tukagundua IPsec ya tawi la Mombasa haipandi, maana upande wa pili ulikuwa bado umepangiwa usimbaji wa zamani ambao faiwoli mpya inaukataa. Siku hizi huomba usiku mbili, na namba ya mtu wa upande wa pili anayeshika simu.

Yule wa Casuarina nilimkatalia ya benki. Nilimwambia ahuishe leseni aliyo nayo, aniachie siku 30 za kumbukumbu, abadilishe nywila zote, na ukurasa wa usimamizi wa faiwoli usionekane kutoka nje. Alinuna, akakubali. Katika sheria zake 64 zimebaki 19. Nne nyingine hatujazigusa, kwa sababu kila nikizitaja anasema ziache kwanza, atamuuliza Mtaliano. Mtaliano yuko Milano hadi kaskazi ianze.