Udhahania na programu huria: kufunika si kufunga

Katika uandishi wa programu, udhahania ni ufundi wa kuficha undani wa kazi nyuma ya jina moja, ili anayelitumia asilazimike kujua kazi yenyewe inafanyikaje. Programu huria ni ile ambayo kila mtumiaji ana haki ya kuiendesha, kusoma msimbo wake (maandishi yanayoiunda), kuubadili na kuusambaza. Dhana hizi hufundishwa kila moja peke yake, jambo ambalo kwangu ni kosa.

Chukua amri ya kuandika kwenye faili. Katika Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, inaitwa write. Unaipa data yako na namba ya faili, basi. Faili likiwa kwenye diski inayozunguka, kwenye flashi au kwenye kompyuta nyingine ya mbali, amri ni ileile. Bila kifuniko hiki kila programu ingebidi ijue tabia za kila diski iliyowahi kuundwa, na hakuna ambaye angemaliza kuandika chochote cha maana.

Ila kifuniko huvuja. Mara nyingi write inapojibu kwamba imefaulu, data bado imo kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika hapo, imepotea. Anayetaka uhakika huita amri nyingine, fsync, inayosubiri mpaka data itue diskini.

Mwaka 2018, watengenezaji wa PostgreSQL, ambayo ni hifadhidata huria, walikuta kwamba hata fsync haifanyi walivyodhani miaka yote. Diski iliposhindwa kuandika, Linux ilitoa taarifa ya kosa mara moja tu, isiirudie. PostgreSQL ilipoita fsync tena, ikajibiwa kuwa mambo ni sawa, na kumbe data ile haikuwahi kufika. Kwa kuwa msimbo wa Linux uko wazi, waliusoma mstari kwa mstari na kujadiliana na wanaoutunza. Mwaka 2019 wakatoa matoleo mapya: fsync ikishindwa, hifadhidata inasimama papo hapo, kisha inajirejesha kutoka kwenye daftari lake la mabadiliko. Kama kilicho chini ya kifuniko kingekuwa kimefungwa, wangebaki kubahatisha na kumsubiri mwenye ufunguo.

Richard Stallman, aliyetangaza GNU, mradi wa programu huria, mwaka 1983, aliwahi kukutana na kufuli la namna hiyo. Karatasi zilikuwa zikikwama kwenye printa ya maabara yake, katika chuo cha MIT huko Marekani. Printa ya zamani alikwisha kuirekebisha iwape watu taarifa ya kukwama. Kwa ile mpya alinyimwa msimbo.

Mimi sisomi msimbo wa Linux kila siku, wala sihitaji. Write inanitosha kama ilivyo, na ninaishukuru kwa yote inayonifichia. Naufungua msimbo siku ile ninapoambiwa imefaulu, nikitazama faili nalikuta tupu.