Kutunga Mchezo Si Kucheza

"Mwalimu, michezo ni ya kuwavuta tu. Hesabu zenyewe unafundisha saa ngapi?" Huyo ni mzazi wa tatu muhula huu kuniuliza kuhusu klabu yangu, ambako watoto hutunga michezo ili wajifunze hesabu. Wawili wa kwanza niliwajibu kwa upole.

Wanadhani mchezo ni chambo na hesabu ndiyo ndoana. Hata walimu wenzangu hubandika maswali kwenye nyoka na ngazi, wakaita ubunifu. Huo ni mtihani uliopakwa rangi. Huko Boston, Marekani, mtafiti wa elimu Yasmin Kafai aliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya kutunga michezo ya kompyuta ya kuwafundisha wanafunzi wa darasa la chini yao hesabu za sehemu. Wengi wao pia walibandika maswali tu. Na bado walijifunza, jambo linalonitia kidole machoni.

Kompyuta? Scratch, programu ambayo watoto hutungia michezo, ni ya bure, ipo tangu 2007. Stima ikipotea tuna boksi na vifuniko vya soda.

Basi, kundi moja kwenye klabu lilichora njia ya matatu kutoka mtaa wa Umoja, Nairobi, hadi katikati ya jiji. Unarusha dadu mbili; ukipata jumla ya 12, polisi wamekusimamisha, toa kitu kidogo. Wakacheza raundi tatu, hakuna aliyekamatwa. Mtunzi wa sheria akanuna, eti dadu ni mbovu. Mimi kimya, na kunyamaza hapo ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Msichana mmoja akaanza kuandika jozi daftarini: 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4... Zikafika 36. Kati ya hizo, 12 inapatikana kwa njia moja tu, 7 kwa njia sita. Wakahamishia polisi kwenye 7. Sasa matatu hazifiki jijini! Kelele, ubishi, mwishowe wakatua kwenye 9, yenye njia nne.

Hapo mvuto uko wapi? Mtoto alikuwa amekasirika. Sheria yake mwenyewe ilikuwa imemwaibisha mbele ya wenzake, na hakuna jibu nyuma ya kitabu.

Nisijisifu, lakini. Kila kundi lina mmoja anayepaka rangi tu tangu mwanzo hadi mwisho. Na wiki mbili baadaye nilitoa swali kwenye karatasi: uwezekano wa kupata jumla ya 12? Yule mtunzi wa polisi akaandika 1/11, kwa kuwa jumla ziko kumi na moja, kuanzia 2 hadi 12. Nikamuuliza, na zile 36?

"Lakini mwalimu, hapa hakuna polisi."