Kisu cha Kukunja cha Zamani: Tazama Springi Kabla ya Kutu

Wengi wanaoniletea kisu cha kukunja cha zamani hunionyesha bapa kwanza, yaani kile chuma chenye makali. Wanalifungua kwa tabu, wananionyesha kutu, halafu wananiuliza kama litang'aa tena. Mimi nakipokea, nakifunga, nakigeuza na kuanza kukitazama mgongoni. Kutu ya bapa karibu kila mara ina dawa. Springi iliyopasuka, pini iliyolegea na shina la bapa lililolika, hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kisu kitafanyiwa kazi, kitatunzwa kama kilivyo au kitawekwa tu kabatini.

Nanoa na kutengeneza visu hapa Mwanza. Riziki yangu inatoka kwenye visu vya kazi: vya wanaopasua sangara Kirumba Mwaloni, vya mama lishe, vya bucha. Vile vya zamani huja mara mojamoja, vikiwa vimefungwa kwenye kitambaa, na anayekileta huwa na jina la babu au baba mdomoni kabla hata hajakaa. Ndiyo maana siwezi kuvichukulia kama kazi nyingine. Panga likiharibika unanunua lingine. Kisu alichoshika marehemu hakina cha pili, na chuma ukishakisugua hakirudi.

Kwanza ujue ni kisu gani. Usisafishe chochote kabla hujasoma maandishi ya kwenye shina, ile sehemu isiyo na makali, karibu na pini ambayo bapa linazungukia. Tumia tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavu, herufi zitajitokeza. Neno Germany linakuambia jambo: sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ya alama za bidhaa ndiyo iliyowalazimisha Wajerumani kuandika nchi yao kwenye bidhaa walizouza huko, kwa hiyo kisu chenye neno hilo ni nadra sana kiwe cha kabla ya hapo. Okapi nayo ina historia inayotugusa. Ilianza Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ikilenga makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na sisi wakati huo tulikuwa mojawapo. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo Okapi yenye pete yake mgongoni na neno Germany kwenye bapa ina umri wa mtu mzima, na haifai kutendewa sawa na ile iliyonunuliwa juzi.

Vya Sheffield, Uingereza, kama vya kampuni ya Joseph Rodgers yenye alama ya nyota na msalaba, wakati mwingine huwa na taji na herufi za mfalme au malkia aliyekuwa anatawala. Herufi V na R ni za Malkia Victoria aliyefariki 1901. G na R mara nyingi huwa za kati ya 1910 na 1952. Opinel ya Ufaransa utaijua kwa mpini wa mti na pete ya chuma inayozunguka shingoni. Pete hiyo ilianza kuwekwa mwaka 1955. Opinel isiyo na pete inaweza kuwa ya kabla ya hapo, lakini angalia vizuri kwanza, maana pete huchomoka na kupotea, na zile saizi ndogo kabisa hazina pete hadi leo.

Sasa mgongo. Kwenye kisu cha kawaida cha kukunja, springi ni ule ukanda wa chuma unaopita mgongoni mwa mpini. Ndio unaolibana bapa likiwa wazi na kulibana tena likiwa limefungwa. Fungua taratibu, usikilize na uhisi. Bapa linatakiwa kupambana na kidole kidogo, halafu lijivute lenyewe na kukaa kwa mlio mkavu. Likilegea katikati ya safari, au likifunguka bila kudai nguvu yoyote, springi imechoka, imepasuka au imejaa uchafu. Hayo ni mambo matatu tofauti, na huwezi kuyatofautisha kabla ya kuingiza mafuta mepesi kwenye kiungo na kuacha yalale usiku mzima. Wengi wanaodhani springi imekufa wana takataka tu: uzi wa mfukoni, tumbaku, magamba ya samaki yaliyokauka yakawa gundi.

Baada ya hapo natafuta ufa. Njia ninayoitumia ni ya zamani na karakana za reli ziliitumia kwa miaka mingi kukagua ekseli na magurudumu: unapaka mafuta ya taa, unasubiri yapenye, unayafuta hadi chuma kikauke kabisa, halafu unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Haihitaji mashine. Chaki ya shule na mafuta ya koroboi vinatosha. Pitisha kwenye springi nzima, hasa pale pini ya katikati inapoishikilia, halafu kwenye shina la bapa kuzunguka tundu la pini, na mwisho kwenye ule mfuo wa kuingizia ukucha, kwa sababu bapa jembamba hupenda kuanza kupasuka hapo.

Ukiuona mstari huo kwenye springi, uamuzi umebadilika kabisa. Springi mpya inaweza kutengenezwa, naitengeneza, lakini ili iingie lazima pini zote zikatwe vichwa na kisu kifunguliwe chote. Pini zilizogongwa kiwandani ukishazikata zimekwenda. Mpini wa mfupa wa miaka themanini unaweza kupasuka wakati wa kugonga pini mpya, hata kwa mkono mwepesi. Kisu utakachorudishiwa kitafanya kazi, lakini nusu yake itakuwa yangu. Kwa mtu anayetaka kisu cha kufanyia kazi, sawa. Kwa anayetaka kile cha babu, namshauri akiache na ufa wake.

Angalia pia bapa linavyokaa ndani likiwa limefungwa. Chini kabisa, mbele ya shina, kuna kijinundu kinachogusa springi ili makali yenyewe yasiiguse. Kisu kilichonolewa miaka mingi bapa lake hupungua kimo, na baadhi ya watu hukipiga tupa kile kijinundu ili bapa lizame zaidi. Matokeo yake makali yanagonga chuma kila unapofunga. Hilo linatengenezeka kwa kunoa upya kwa makini. Bapa linalocheza kushoto na kulia, kwa upande mwingine, linaweza kubanwa kidogo kwa kugonga pini ya shina, lakini ukizidisha halifunguki tena.

Kuhusu kutu, kuna ya aina mbili, na watu wanaziangamiza zote kwa pamoja. Ile ya rangi ya chungwa, ya unga unga, ni ugonjwa. Inavuta unyevu na kuendelea kula, na hapa ziwani, hasa masika, haihitaji mwaliko. Ile ya kijivu, nyeusi au ya buluu iliyokolea, laini ukiipapasa, ni ngozi ya chuma cha kaboni kilichotumika. Imetokana na maembe, nyanya, nyama, mikono ya watu, na inasaidia kuzuia ile ya kwanza. Mimi naondoa ya chungwa na kuiacha ya kijivu. Natumia stili waya laini kabisa na mafuta ya cherehani, nasugua kwa urefu wa bapa bila kukandamiza, na penye vishimo nachokonoa kwa kijiti cha mwanzi au kipande cha shaba, ambavyo ni laini kuliko chuma.

Siki na ndimu viache jikoni. Vinakula kutu, ndiyo, lakini kwenye kisu kilichofungwa pini tindikali inaingia kwenye kiungo na huwezi kuitoa. Vilevile tindikali huingiza hidrojeni kwenye chuma kigumu, na springi iliyolowekwa hivyo inaweza kukatika siku moja bila sababu unayoiona.

Kutu yenye vishimo iulize swali moja: vishimo vimefika kwenye makali? Vikiwa juu ya ubavu, viache, havina madhara. Vikiwa kwenye makali, kisu hakitakata sawasawa mpaka unoe kupita kina chake, na hapo unaamua kama bapa lina nyama ya kutosha kupoteza.

Hapa lazima niseme juu ya grenda, maana imeua visu vingi vizuri kuliko kutu yenyewe. Mtu anakiona kisu cha babu kimechakaa, anakipeleka kwa jirani mwenye grenda, baada ya dakika chache kinarudi kinameta. Kilichopotea hakionekani kwa macho. Bapa la kaboni lilitiwa matiko kiwandani, yaani lilipashwa, likazimwa, halafu likapashwa tena kidogo ili lisivunjike kama kioo. Ukikipasha chuma hicho hewani, rangi yake inakusimulia: karibu nyuzi 220 za Selsiasi kinakuwa njano hafifu, karibu 280 kinaelekea zambarau, karibu 300 kinakuwa buluu. Buluu inafaa kwa springi. Kwenye makali maana yake matiko yameshuka, na kisu kitakubali kunolewa asubuhi na kuwa butu mchana. Ncha ni nyembamba, inafika buluu kabla mshika grenda hajaondoa mkono. Na ukiisugua ile buluu ikatoka, chuma kinabaki laini vilevile.

Kurudisha matiko kunawezekana: unakipasha hadi sumaku isikishike tena, kwenye nyuzi zaidi ya 770, unakizima kwenye mafuta, halafu unakipasha tena kidogo. Lakini bapa jembamba hupinda, ngozi yake inabambuka na kuondoka na maandishi, na lazima kisu kiwe kimefunguliwa pini. Nimekataa kazi hiyo kwa visu vya urithi na nitaendelea kukataa. Kama ni ncha tu iliyoungua, naikata taratibu kwa kinoo na maji mpaka nifike kwenye chuma kigumu.

Mpini nao una lake. Mfupa ukiutazama karibu una vitone na vimistari vidogo vyeusi, njia za damu za mnyama. Pembe ya nyati hupenda kubanduka kwa matabaka ikikauka, na mafuta kidogo huitosha. Seluloidi, moja ya plastiki za mwanzo, ndiyo inayonitia wasiwasi. Ikizeeka inatoa hewa yenye tindikali, na hewa hiyo inaozesha bapa lililo ndani. Ukiona kisu kimeshambuliwa na kutu upande unaogusa mpini tu, na mpini una nyufa ndogo ndogo kama chumvi iliyoganda, kiweke mbali na vingine na usikisogeze karibu na moto, maana seluloidi inawaka kwa kasi. Hapo kutengeneza bapa bila kubadili mpini ni kupoteza muda.

Mpini ukiwa na mistari inayokatana kama wavu kwenye kichwa chake, huenda ni pembe ya ndovu. Siushiki. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inadai kibali kwa anayemiliki nyara, hata kama ni urithi. Mwenye nacho aende kwenye ofisi ya wanyamapori kabla ya kwenda kwa fundi yeyote.

Nichukue kimoja kilichonifikia kutoka Ukerewe. Kisu cha jeshi la Uingereza cha vita vya pili: mpini mweusi wa mistari ya kukatana, kifungua kopo, msumari mnene mgongoni wa kufungulia mafundo ya kamba, na kwenye chuma alama ya mshale mpana wa mali ya serikali pamoja na mwaka. Mwenyewe alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akafika Burma, akarudi na kisu, na akaishi nacho kwenye mtumbwi hadi uzee wake. Alikileta mwanawe, mzee wa makamo, pamoja na mjukuu. Kijana alitaka king'ae kama kioo kiwekwe ukutani. Mzee aliniambia, "Fundi, mimi nataka kikate kamba. Baba hakukinunua cha kutazama."

Springi ilikuwa nzima, chaki haikuchora kitu. Bapa lilikuwa na vishimo ubavuni, makali yake salama. Mpini ulimeguka kona moja. Zile alama za mshale na mwaka zilikuwa hafifu mno. Msasa kidogo tu zingefutika, na pamoja nazo ushahidi wa pekee kwamba kisu kile kilivuka bahari. Nilimweleza kijana hivyo, nikampa lensi ajionee mwenyewe. Alinyamaza akatazama muda mrefu. Tulikubaliana: kutu ya chungwa itoke, ya kijivu ibaki, makali yanolewe kwa jiwe na maji, kona ya mpini ilainishwe tu isichane mkono. Msumari wa mafundo haukuhitaji chochote. Ulikuwa umelainishwa na kamba za nyavu kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Kikishatengemaa, kutunza ni rahisi. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Kisu kinachogusa chakula kipake mafuta ya parafini yanayouzwa duka la dawa (si mafuta ya taa), kwa sababu mafuta ya alizeti yanakauka na kunata, kiungo kikashikana tena. Usikihifadhi kwenye ala ya ngozi wala mfuko wa nailoni, vyote vinashika unyevu. Kitambaa cha pamba na droo kavu vinatosha.

Na kama unacho kimoja unataka nikitazame, usikilazimishe kufunguka kwa koleo, usikimwagie kitu, usikisugue maandishi. Kije na uchafu wake, na ikiwezekana uje na mtu anayejua kilikotoka na kilichokuwa kikikata.