"Two weeks' notice" au "two week's notice"? Ritifaa inakaa wapi ukishataja idadi

Sisi tunaosahihisha maandishi ya Kiingereza kila siku kuna kosa tunakutana nalo mara nyingi mno, na wanaolifanya ni watu ambao Kiingereza chao ni safi kabisa wakiongea. Mtu anaandika barua ya kuacha kazi, imenyooka vizuri tu, akifika kwenye "two weeks notice" anasita, aweke ritifaa au aache, na akiweka, aiweke kabla ya s au baada? Ritifaa ndo ile alama ya kwenye ng'ombe, wengi wanaiita apostrofi. Na masikio hapo hayasaidii kitu, maana weeks, week's na weeks' zote zinatamkwa sawasawa, anayeongea hana cha kuamua, mzigo wote anaubeba anayeandika.

Jibu ni "two weeks' notice", ritifaa baada ya s. Kiingereza kinachukulia muda kama ndio wenye hicho kitu kinachofuata, yaani notisi ni ya hizo wiki mbili, na kwa kuwa weeks ni wingi na tayari ina s mwishoni, unaongeza ritifaa peke yake. Vivyo hivyo "three years' experience", "a few minutes' walk", "several months' salary", "a couple of days' rest". Ikiwa ni umoja ritifaa inarudi kabla ya s: "one week's notice", "a month's salary", "half an hour's delay". Ila angalia, ukisema saa mbili na nusu inakuwa "two and a half hours' delay" kwa sababu hours sasa ni wingi.

Sasa kuna njia ya kujipima ambayo tunawafundisha watu wote na kwa kweli ukiishika hii nusu ya shida imeisha. Toa hiyo namba kubwa weka one. Kama s bado inasikika, huo ni umiliki na ritifaa inahitajika. Kama s imekufa, basi ulikuwa wingi wa kawaida tu, usiweke chochote. "Three years' experience" inakuwa "one year's experience", s ipo, weka ritifaa. Ila "she is three years old" inakuwa "one year old", s imeondoka, kwa hiyo usiweke. "Six months pregnant" inakuwa "one month pregnant", usiweke. Ukichunguza utaona sababu yenyewe: experience ni nomino, inaweza kuwa ya mtu au ya kitu, ila old na pregnant ni vivumishi na kivumishi hakimilikiwi.

Kwenye CV ndo tunaona mchanganyiko mkubwa zaidi. Mtu anaandika "five years' of experience", hapo ameweka vitu viwili vinavyofanya kazi moja, of imeshaonyesha uhusiano kwa hiyo ritifaa itoke, chagua "five years of experience" au "five years' experience", zote ni sahihi. Mwingine anaandika "a five years contract". Hiyo nayo hapana, kipimo kikikaa mbele ya nomino kama sifa yake kinapoteza s na kinaunganishwa kwa kistari, "a five-year contract". Na hii "a ten-foot wall" ina historia nzuri, hilo foot ni mabaki ya Kiingereza cha kale ambapo baada ya namba ungeweza kukuta nomino ikiwa kwenye umbo la umiliki wa wingi, fota, halafu irabu ya mwisho ikapotea kwa karne nyingi likabaki neno linaloonekana kama umoja. Ritifaa yenyewe haikuwepo enzi hizo, Waingereza waliichukua kwa Wafaransa karne ya 16, na huu utaratibu wa kuiweka baada ya s ya wingi ulikuja kutulia baadaye sana.

Wingi usioishia na s haubabaishi, unaongeza 's kama kawaida: "a lot of people's opinions", "most women's salaries". Ila "many children's books" inabeba maana mbili, vitabu vya watoto wengi au vitabu vingi vya watoto, na hapo ritifaa haiwezi kukuokoa, panga sentensi upya.

Tuje kwenye one of, hapa ndo pagumu kweli. Kwa Kiswahili tunasema gari la mmoja wa rafiki zangu, ile "la" inatangulia fungu zima na hakuna utata. Kiingereza kinafanya kinyume, alama ya umiliki inaenda mwisho wa fungu zima, inagandana na neno la mwisho hata kama siyo lenye mali. Chukua "the king of England's crown", taji ni la mfalme lakini 's imekaa kwenye England. Kwa hiyo gari la mmoja wa rafiki zangu kwa mantiki hiyo inakuwa "one of my friends' car", mwenye gari ni one lakini ritifaa imeangukia friends. Kisarufi unaweza kuitetea na watu wanaiongea kila siku, ila msomaji akiiona kwenye karatasi anakwama, anadhani marafiki wote wanamiliki gari moja. Na wengi wakitaka kurekebisha wanaandika "one of my friend's car" ambayo ndo kosa kabisa, maana baada ya one of lazima iwe wingi, huwezi kuwa mmoja kati ya rafiki mmoja.

Halafu "one of the students' books is missing", hapo msomaji ataelewa kimepotea kitabu kimoja kati ya vitabu vya wanafunzi, wakati labda ulitaka kusema kitabu cha mwanafunzi mmoja. Ushauri wetu ni kuachana na ritifaa hapo: "a book belonging to one of the students is missing", au kwa lile gari, "a friend's car", fupi na haina ubishi.

Zikija some of us au none of them, ritifaa haiwezekani kabisa, hakuna "some of us's phones", na ukiandika "some of our phones" umebadilisha maana, sasa unaongelea baadhi ya simu na siyo baadhi ya watu. Tumia of mara mbili, "the phones of some of us", ndefu kidogo ila inasema unachotaka.