Wawili, mashanta na magofu ya Wamaya: dhana potofu na ukweli wake

"Wamaya walitoweka." Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoharibu safari za wengi hata kabla hawajapanda ndege. Mke na mume wanaopanga kuzunguka kusini mwa Mexico, Belize, Guatemala na Honduras na mashanta yao mgongoni husoma habari za taifa la ajabu lililopotea msituni. Wakifika, wanakutana na Wamaya kila siku bila kuwatambua: dereva wa basi dogo, mama anayeuza tortilla, kijana anayewakatia tiketi langoni. Guatemala peke yake inatambua lugha 22 za Kimaya, na katika sensa ya 2018 watu zaidi ya milioni 6 nchini humo walijitambulisha kuwa Wamaya.

Kilichoanguka ni miji. Katika karne ya 9 miji mikubwa ya nyanda za chini za kusini iliacha kujenga, mmoja baada ya mwingine. Nguzo ya mwisho ya jiwe yenye tarehe huko Tikal, mmoja wa miji hiyo, kaskazini mwa Guatemala, ni ya mwaka 869. Ukame wa kujirudia na vita baina ya wafalme vilichangia sana. Lakini kule kaskazini, katika Mexico ya leo, mji wa Chichén Itzá ulikuwa ndiyo kwanza unanawiri, na Waitza, kundi mojawapo la Wamaya, waliendelea kujitawala mpaka 1697, Wahispania walipouteka mji wao wa kisiwani, Nojpetén. Kisiwa hicho leo kinaitwa Flores, na ndiko wasafiri wengi wanakolala kabla ya kwenda Tikal. Ni wachache wanaojua wamelala juu ya nini.

Ndani ya Tikal kwenyewe, kwenye Uwanja Mkuu katikati ya mahekalu mawili, kuna mahali pa kuwashia moto penye masizi, majivu na nta ya mishumaa. Si mabaki ya kale. Wamaya wa leo huja hapo kuomba na kuchoma ubani wa kopali. Mkiwakuta wameuzunguka moto, kaeni pembeni na kamera ibaki ndani ya begi mpaka wamalize. Nalisema hili kwa uzito wote: ibada ya mtu si kivutio cha picha.

Na ile ya kalenda yao kutabiri mwisho wa dunia tarehe 21 Desemba 2012? Siku hiyo mzunguko mmoja mrefu ulifungwa na mwingine ukaanza, basi. Maandishi ya Palenque, mji wa Wamaya kusini mwa Mexico, yanataja tukio la mwaka 4772.

"Ule ni msitu usioguswa na mtu." Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba miali ya leza iliyopigwa kutoka kwenye ndege juu ya Petén, jimbo la Guatemala lenye Tikal, ilionyesha majengo zaidi ya 60,000 yaliyofunikwa na miti: nyumba, barabara, ngome, mashamba ya matuta. Tikal haina mto. Wakazi wake waliishi kwa kukinga maji ya mvua kwenye mabwawa, na bwawa mojawapo lilikuwa na kichujio cha mchanga na madini ya zeolaiti. Kwa hiyo msitegemee kukuta kijito njiani. Maji mnabeba wenyewe.

"Tikal ndiyo kongwe kuliko yote." El Mirador, pia huko Petén, ilikuwa jiji kubwa karne kadhaa kabla ya Kristo, na jengo lake la La Danta lina urefu wa mita 72 hivi. Kwa miguu, mnaanzia kijiji cha Carmelita mkiwa na waongozaji wa hapohapo na nyumbu wa kubeba mizigo. Kwenda na kurudi ni kama siku 5, na wakati wa mvua tope linafika magotini.

Njia kama hiyo ndiyo inayoumbua dhana ya kwamba mwenye nguvu abebe vya wote wawili. Hema, chandarua na kichujio cha maji mnaweza kugawana, ila maji, tochi, dawa na kadi ya benki kila mtu awe na zake, maana njiani watu huachana hatua. Na uzito ukae kiunoni: fungeni mkanda wa kiunoni kwanza, ndipo mvute ile ya mabegani. Ugomvi mwingi wa wapenzi safarini huanza kwa joto, njaa na bega linalouma. Kubalianeni mapema kwamba yeyote akisema "leo tupumzike", hadaiwi maelezo.

"Piramidi zote zinapandwa." Chichén Itzá walifunga ngazi mwaka 2006. Tikal, Hekalu la I halipandwi, ila la IV lina ngazi za mbao mpaka juu ya vilele vya miti. Huko alfajiri mtasikia mngurumo mkali mkadhani ni jagwa, chui wa huko. Ni kima.

"Msimu wa mvua msiende." Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua mara nyingi hunyesha alasiri, asubuhi kukavu na watu wachache. Mimi ningeenda Juni bila kusita, ila si Mirador. Mbu nao hawaumi usiku tu: wa dengi huuma mchana, kwa hiyo pakeni dawa asubuhi.

Mwisho, mipaka. Wengi huamini kila wakivuka, siku zinaanza upya. Guatemala, Honduras, El Salvador na Nicaragua huhesabu siku 90 kwa pamoja. Belize na Mexico hazimo. Mkitoka nchi yenye homa ya manjano, Guatemala na Honduras zinataka cheti cha chanjo. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, lakini huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo msichanje siku moja kabla ya kuondoka.